Makaa ya Kulalia

Julai imetukuta tena, na mkaazi wa Nairobi hahitaji kalenda kulijua hilo. Asubuhi wingu, adhuhuri wingu, na jua likijitokeza mwendo wa saa tisa alasiri utawaona makarani na wachuuzi wamejipanga kwenye kuta za Kenyatta Avenue kama mijusi, kila mtu na kimya chake, wakiliwahi kabla halijafunikwa. Boshori zimetoka kabatini. Jaketi la mtumba lililokosa mnunuzi mwezi wa Februari, leo katika masoko ya Toi na Gikomba lina bei ya maringo.

Baridi hii ina asili yake, na inafaa tuijue kwa sababu wako wanaodhani imeletwa na Limuru. Ni upepo wa kusi, ule ule ambao wenzetu wa Mombasa na Lamu wanaushukuru kwa kuwapunguzia joto. Ukifika bara unapandishwa na nchi inayoinuka. Hewa ikipanda hupoa, unyevu wake hugeuka wingu la chini, na wingu hilo hutukalia juma baada ya juma bila kunyesha la maana. Pale Dagoretti Corner, kwenye makao makuu ya Idara ya Hali ya Hewa, wastani wa joto la chini kabisa mwezi wa Julai ni kama nyuzi 11 au 12, na ziko alfajiri zinazoshuka chini ya 10. Mchana ni nyuzi 21 au 22, na siku nyingine hatufiki huko.

Ndugu zetu wanaoishi Toronto au Minnesota wakija likizo Julai hutucheka. "Hii ndiyo mnaita baridi?" Nao wamevaa shati la mikono mifupi. Barabarani wana haki ya kucheka. Lakini mlaze mmoja wao usiku kucha kwenye chumba cha mabati kule Gatina, Kawangware, halafu umuulize asubuhi. Kwao baridi iko nje. Mtu akifunga mlango anavua koti, kwa maana nyumba ina mtambo wa joto na kuta zimeshindiliwa vitu vya kuzuia baridi isipenye. Kwetu, nje kukiwa nyuzi 11, ndani ni 12. Mtu anaingia nyumbani na kuongeza sweta. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa 2018 kuhusu makazi na afya, lilitaja nyuzi 18 kuwa kiwango ambacho ndani ya nyumba hapafai kushuka chini yake wakati wa baridi. Walikuwa wakiwafikiria zaidi watu wa nchi za theluji, lakini mtoto mchanga aliyelala Kangemi hajui kwamba yuko karibu na ikweta.

Baridi yenyewe haigawiwi sawa. Ukipanda matatu mjini jioni kuelekea Kangemi, Uthiru au Kinoo, unapanda mlima bila kujua. Uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta uko kama mita 1,624 juu ya usawa wa bahari. Dagoretti Corner iko karibu mita 1,800, na ukiendelea mpaka Limuru umepita 2,200. Kila mita 100 unazopanda hukupunguzia zaidi ya nusu nyuzi. Ongeza ukungu wa asubuhi na upepo unaoteremka kutoka kwenye mashamba ya chai, utaelewa kwa nini mtu wa Embakasi na mtu wa Uthiru hawazungumzii Julai moja.

Hilo wakoloni walilijua mapema. Reli ilipofika hapa 1899 na mji ukaanza kugawanywa, Wazungu walijichukulia miinuko ya magharibi na kaskazini, penye hewa safi na maji yasiyotuama, na Mwafrika akasukumwa chini mashariki, kwenye tambarare. Waliipenda baridi kwa sababu iliwakumbusha kwao, na walijua namna ya kuishi nayo. Ingia leo katika nyumba yoyote kuukuu ya Lavington, Loresho au Karen, utaona sebuleni mahali pa kuwashia kuni ukutani, na juu yake dohani ya mawe iliyopanda mpaka ikapita paa. Iangalie hiyo dohani vizuri, msikilizaji. Moto unabaki na wewe, hewa yake mbaya inakwenda zake juu. Mji ulipokua, watu wa mishahara midogo walikuja kuishi magharibi karibu na kazi zao: Kangemi ikakua chini ya Loresho, Kawangware ikajaa kando ya Lavington. Wakaikuta baridi ile ile. Dohani hazikuwafuata.

Mfikirie soja. Ninao wengi ninaosalimiana nao, na maisha yao yanafanana. Usiku analinda geti Lavington. Saa saba za usiku amewasha moto ndani ya mkebe mkuukuu wa rangi, anaota huku amejifunika koti la kampuni. Moshi unamwingia machoni lakini yuko nje, hewa ipo tele. Nyumbani kwake Kawangware, mwendo wa miguu kutoka hapo, mke na watoto wamelala chumba kimoja na jiko limewekwa karibu na kitanda, mlango umefungwa na matambara yamesokomezwa chini yake. Katika familia hiyo, aliye salama ni yule anayepigwa na umande.

Mama mmoja anayeuza makaa huko huko aliniambia jambo ambalo sijalisoma kwenye ripoti yoyote. Nilimuuliza biashara ikoje msimu huu. Akasema, "Mwanangu, mwezi wa saba watu hawanunui makaa ya kupikia. Wanakuja saa mbili za usiku, mkebe mmoja mmoja, wanasema, mama nipe ya kulalia." Nikamuuliza kwani hapa watu hawapiki kwa gesi siku hizi? Akacheka. "Wote wana meko. Meko inapika. Haipashi nyumba."

Nimeyabeba maneno ya huyo mama mpaka hapa studio, kwa sababu serikali zetu zote tatu tangu 2002 zimezungumza juu ya nishati ya nyumbani na sikumbuki kusikia hata moja ikilitaja hilo. Joto la nyumba za Nairobi halijawahi kununuliwa peke yake. Lilikuwa nyongeza ya chakula. Githeri ilikaa motoni nusu siku, maharagwe yakachemka, maji ya kuoga yakafuata, na makaa yaliyobaki yakapasha uji wa asubuhi. Chumba cha futi kumi kwa kumi kilipata joto humo humo bila mtu kusema ananunua joto. Hata stovu ya mafuta ya taa, pamoja na harufu yake, ilikitia chumba uvuguvugu. Kisha ikaja gesi. Usinielewe vibaya, nashukuru ilikuja. Moshi umewaharibu mama zetu macho na mapafu, na hakuna wa kuulilia. Lakini meko inaivisha ugali kwa dakika chache, unaifunga, na chumba kinabaki na baridi yake kana kwamba hakukupikwa kitu. Maharagwe yenyewe siku hizi tunayanunua yamechemshwa tayari kwa mama wa kibandani, ili tuokoe mtungi. Moshi ulipotoka nyumbani ulitoka na joto lake, na familia iliyokuwa na moto mmoja sasa inahitaji miwili: wa gesi wa kupikia, na wa makaa wa kulalia.

Tazama sensa ya 2019. Ilituuliza tunapikia nini na taa zetu zinawaka kwa kutumia nini. Swali la tunaota moto wa nini halikuwa hapo. Ndiyo maana kila mjadala wa nishati bungeni ni mjadala wa sufuria.

Na huo mjadala wa sufuria nao umekuwa wa kupanda na kushuka. Septemba 2018 serikali iliongeza shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta ya taa. Lililolengwa ni genge la wanaochanganya mafuta hayo na dizeli, lakini ada ilimpata kila mwenye kibuyu cha nusu lita. Watu wakahamia gesi kama walivyoshauriwa. Julai 2021 gesi nayo ikarudishiwa kodi ya ongezeko la thamani, asilimia 16, na kufikia mwaka uliofuata mtungi wa kilo 13 ukapita shilingi 3,000. Kodi ikapunguzwa hadi asilimia 8 mwaka 2022, ikaondolewa 2023. Anayepanga bajeti ya nyumba kwa mshahara wa siku ajue vipi aelekee wapi?

Makaa yana hadithi yake. Mapema 2018 Gavana wa Kitui wakati huo, Charity Ngilu, alipiga marufuku biashara ya makaa kutoka kaunti yake. Lori lililobeba makaa likachomwa moto, na wafanyabiashara wa Limuru wakaingia barabarani kwa hasira. Februari mwaka huo huo William Ruto, akiwa Naibu wa Rais, akatangaza marufuku ya siku 90 ya kukata miti katika misitu ya umma, na siku hizo 90 zikaongezwa zikageuka miaka. Mimi napenda misitu. Ningependa Kitui ibaki na miti yake, na najua gunia moja la makaa limekula miti ambayo haikupandwa na mtu. Lakini marufuku hayo hayakuzima jiko hata moja Kangemi. Yalichofanya ni kugawa gunia katika vipimo vidogo zaidi. Anayenunua gunia zima anapata nafuu. Anayenunua mkebe kila usiku ndiye anayelipa ghali kwa kilo. Ukikosa hata mkebe, kuna mabonge ya vumbi la makaa yaliyokandwa na udongo na maji, yakaanikwa juani. Yanawaka polepole, yanadumu usiku kucha, na watu wanayapenda kwa hilo.

Kuna anayesema: si anunue hita ya stima? Haya, tufanye hesabu, na hesabu hii mtoto wa darasa la sita anaiweza. Hita ndogo ya wati 2,000 inakula uniti mbili kwa saa. Tangu bei mpya za 2023, nafuu ya stima kwa maskini inakwenda kwa anayetumia uniti zisizozidi 30 kwa mwezi. Ukiiwasha hita hiyo saa moja tu kila usiku, usiku wa kumi na tano umemaliza uniti zote 30, hujawasha taa, hujachaji simu, hujatazama taarifa ya habari. Kuanzia hapo wewe si maskini tena machoni mwa bei ya stima. Na saa moja haitoshi kitu: mabati hayashiki joto, hita ikizimwa chumba kinarudi kilipokuwa kabla hujasinzia.

Kule Uingereza, ambako tunapenda kuchukulia mifano, jambo hili la kupasha nyumba joto lina wizara, lina vipimo na lina ugomvi wa kisiasa. Tangu 1997 wazee wao wamekuwa wakilipwa pesa za kuwashia joto kila msimu wa baridi, na serikali ilipojaribu kuwaondolea wengi wao mwaka 2024, makelele yalikuwa makubwa kiasi kwamba mwaka uliofuata ikarudi nyuma. Wao husema maskini anachagua kati ya kula na kuota moto. Sisi hatukuwahi kuwa na chaguo hilo, kwa kuwa vyote vilitoka kwenye jiko moja. Shosho wetu aliyepita miaka 70, akiwa kwenye mpango wa serikali wa Inua Jamii, anapata shilingi 2,000 kwa mwezi za kila kitu, zikifika kwa wakati. Atoe humo makaa ya Julai.

Sasa nakuja kwenye lile lililonifanya nichague mada hii. Kila msimu huu ukifika tunasoma habari zinazofanana: majirani wamegonga mlango asubuhi, hakuna jibu, wamevunja, wamekuta watu wamelala hawaamki na jiko katikati ya chumba limejaa majivu. Magazeti huandika aya nne. Polisi husema wanashuku hewa ya jiko. Wiki inaisha.

Hewa hiyo inaitwa kaboni monoksaidi. Haina rangi, haina harufu, haikereketi koo. Moshi tunaoujua una adabu yake: unakuwashia macho, unakukohoza, unakwambia toka. Ajabu ya makaa ni kwamba yanatoa moshi mwanzoni, ndipo mama anaweka jiko nje mlangoni, analipepea, anangoja liwe jekundu, moshi uishe. Hapo anaamini limekuwa safi, analiingiza ndani. Kumbe makaa mekundu yaliyoanza kufunikwa na majivu, yanayopata hewa kidogo, ndiyo yanayoizalisha hewa hiyo kwa wingi. Damu yetu huibeba hewa safi ya kupumua, lakini ikikutana na kaboni monoksaidi huikumbatia kwa nguvu zaidi ya mara 200. Hewa safi inakosa nafasi. Kichwa kinauma, magoti yanalegea, tumbo linachafuka, na usingizi unakuja. Aliye macho atadhani ni uchovu au homa. Aliyelala hatadhani lolote.

Na swali ambalo watu huniuliza ni la haki: mbona nyanya yangu alilala na jiko maisha yake yote? Nyanya yako alilala nyumba ya udongo na nyasi, au ya mabati yenye nafasi ya mkono kati ya ukuta na paa. Upepo uliingia ukatoka. Sisi tunaziba. Ikifika Juni tunazisokomeza gazeti na matambara zile nafasi, tunabandika maboksi ukutani, tunaweka gunia chini ya mlango, na tuna sababu. Halafu kuna lile ambalo hatulisemi: tumeendelea. Familia iliyohama kutoka mabati ya Kangemi ikapanga chumba cha mawe kwenye ghorofa ya Uthiru au Kinoo imepiga hatua, na wazazi wake wa kijijini wamefurahi. Chumba hicho kina zege juu, zege chini, dirisha moja la kioo linalofunga barabara. Hakipitishi upepo hata kidogo. Na ndani yake wameliingiza jiko lile lile. Nyumba bora zaidi waliyowahi kuishi ndiyo hatari zaidi kwa moto wa zamani, na hakuna aliyewaambia siku ya kuchukua funguo.

Kinachowasukuma wengi ni woga wa nimonia. Mama ana mtoto wa miezi mitatu, amesikia baridi inaleta nimonia, ataacha vipi kuwasha? Daktari atakwambia nimonia huletwa na vijidudu, na kwamba chanjo dhidi ya aina moja kubwa ya vijidudu hivyo hutolewa kwa watoto wetu bila malipo tangu 2011. Atakwambia pia kwamba moshi na chumba kilichofungwa chenye watu sita humdhuru mtoto mapafu kuliko nyuzi 12. Lakini usimwambie mama huyo asiwashe halafu ukaondoka. Mtoto mchanga kweli hapati joto lake mwenyewe upesi, na mama amejua hilo kabla ya daktari. Mwambie amlaze kifuani pake, ngozi kwa ngozi, na blanketi juu yao wote wawili.

Kwa leo usiku, basi. Kama ni lazima jiko liingie, liingie wakati mko macho wote, dirisha likiwa wazi upana wa kiganja na mlango haujabanwa, na litoke nje kabla mtu wa kwanza hajalala. Litoke lenyewe, na majivu yake. Kulifunika kwa majivu ndani ya nyumba si kulizima. Wako wanaoamini kwamba beseni la maji kando ya jiko linanywa ile sumu. Halinywi, kaboni monoksaidi haishikwi na maji, na beseni hilo limewapa watu usingizi wa matumaini. Joto la makaa unaweza kulihamisha: chemsha maji jioni, yatie kwenye chupa ngumu zenye vifuniko vizuri, zifunge kwa sweta au soksi nene, ziweke miguuni chini ya blanketi. Gazeti kati ya godoro na kitanda linasaidia kuliko watu wanavyodhani. Wanabodaboda wa Waiyaki Way wanaolivaa kifuani chini ya jaketi wanalijua hilo. Ukiamka na kichwa kinachokuuma, na wa pembeni yako anaumwa vile vile, msijadiliane. Tokeni nje kwanza. Aliyezirai avutwe nje, apelekwe hospitali akapewe oksijeni, hata kama ameanza kuzungumza.

Nimezungumzia walio na mlango wa kufunga. Hesabu ya kitaifa ya familia za mitaani ya 2018 ilipata zaidi ya watu 46,000 nchini, na zaidi ya 15,000 kati yao walikuwa hapa Nairobi. Ukipita usiku Globe au River Road utawaona wamezunguka moto wa maboksi na matairi. Wao hewa inawatosha. Asubuhi askari wa kaunti anakuja kuumwagia moto maji kwa sababu unachafua lami. Sina zaidi la kusema juu ya hilo bila kukasirika.

Turudi kwa wenye paa, kwa sababu ndipo penye kazi inayowezekana. Tumelichukulia joto kama suala la nini cha kuchoma, na kwa miaka mingi tumezozana: makaa, mafuta, gesi, stima. Mimi nadhani tuliuliza swali lisilofaa. Joto la chumba cha mabati linapotelea juu. Bati ni jembamba, usiku linapoa upesi kuliko ukuta, na pumzi za watu zikifika pale zinageuka maji yakawadondokea usingizini. Muulize yeyote aliyelala Kawangware kama bati halitoki jasho. Miili ya watu wanne ndani ya chumba kidogo inatoa joto la kutosha kukifanya kivumilike, kama halitapotelea juu. Kinachohitajika ni dari. Chumba cha futi kumi kwa kumi kinahitaji bodi nne za futi nne kwa nane, mbao chache za kuzishikilia na siku moja ya fundi, huku nafasi ndogo za hewa zikiachwa ukutani. Sasa weka kando yake mkebe wa makaa wa kila usiku. Ukiwa shilingi 100, kuanzia Juni hadi Agosti umechoma zaidi ya shilingi 9,000, na Juni ijayo unaanza upya.

Nimesikia serikali ikihesabu nyumba za bei nafuu tunazokatwa asilimia moja na nusu ya mshahara kuzijenga. Inahesabu vyumba, vyoo, ghorofa. Ningependa kusikia dirisha la kila nyumba linatazama wapi. Hapa kwetu, kusini kidogo ya ikweta, jua la Juni na Julai liko upande wa kaskazini. Nyumba ikielekezwa huko, lile jua dogo la saa tisa linaingia chumbani badala ya kuishia kwenye ukuta wa Kenyatta Avenue. Hilo haligharimu tofali hata moja la ziada, mradi liamuliwe kabla ya msingi kuchimbwa.

Lakini wengi wetu hatutaishi humo. Tunaishi kwenye ploti, na kwenye ploti dari ni suala la landilodi. Mpangaji haweki dari kwa sababu akihama hataibeba. Landilodi haiweki kwa sababu chumba kinapangwa hata bila yake. Kwa hiyo Jumatano ijayo, saa hii hii, laini zitakuwa wazi kwa wenye ploti wa Kangemi, Uthiru, Dagoretti na Kawangware peke yao. Mje na jibu la swali hili: mpangaji wako akinunua bodi zile nne kwa pesa zake na akamlipa fundi, utamkatia kwenye kodi ya mwezi huo, ama utampandishia kwa kuwa nyumba sasa ina dari?